Mniletee na Kichwa Chake

Kabla ya mengine yote, andikeni lebo kwa penseli. Kalamu ya wino haifai hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu spiriti huula wino, na baada ya muda utabaki na chupa yenye nyoka na kikaratasi cheupe, na hakuna mtu atakayeweza kukuambia nyoka huyo alitoka kijiji gani. Najua mnacheka. Mna simu zinazopiga picha na kuonyesha hata mti uliosimama chini yake. Sawa, lakini simu haikai ndani ya chupa. Penseli inakaa. Nimefungua chupa zilizofungwa kabla sijazaliwa na maandishi yake nikayasoma bila miwani.

Mimi ni Kalondu. Maisha yangu yote ya kazi niliyamalizia katika chumba cha nyoka na mijusi cha makumbusho huko Nairobi, na sasa nimestaafu, nakaa Nunguni, nalima viazi na kabichi, baridi ya huku inanitoa makamasi, na nimeridhika. Mwalimu wenu wa kilabu cha wanyama ameniomba niwaandikie mambo ya kazi yangu. Nadhani anatarajia visa vya kukimbizwa na koboko. Poleni. Nyoka wengi niliowashika walikuwa wamekufa, na kazi yenyewe inafanana sana na kuchagua mawe kwenye maharagwe: unakaa, unainama, unaangalia kimoja kimoja, mgongo unauma, na ukiharakisha utakuja kuvunja jino baadaye.

Aliyenifundisha ni bosi wangu wa kwanza, Mzee Kilonzo, mtu mfupi mwenye sauti ya mchungaji. Alinipa sinia yenye nta, pini na nyoka mmoja aliyekauka kama mkanda, akaniambia nihesabu magamba ya tumboni kutoka shingoni hadi mkundu. Nikimaliza nihesabu tena kutoka mkundu hadi shingoni. Hesabu zisipolingana, nisichague ile ninayoipenda. Ninywe chai, nirudi, nianze upya.

"Magamba hayaendi mahali," alikuwa akisema. "Ni wewe una haraka."

Na kweli nilikuwa na haraka. Mwaka wangu wa kwanza walituletea nyoka wadogo wa ardhini kutoka Kitui, wale wanaoishi chini ya mchanga na magogo, na mmoja wao alikuwa na mkia mrefu kuliko wenzake na magamba machache tumboni. Nikaona nimepata aina mpya. Nikaandika maelezo yake kurasa nzima, nikamchagulia hata jina. Mzee Kilonzo alisoma yote kwa utaratibu, akavua miwani, akaniambia, "Hongera Kalondu. Umegundua mwanamume."

Ndiyo. Nyoka wa kiume wengi wana mkia mrefu kuliko majike, na mimi nilikuwa nimelinganisha mume na wake zake. Chumba kizima kilinicheka mpaka saa ya chakula. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachouliza nyoka yeyote ni kama yeye ni baba au mama, na nyinyi mfanye hivyo hivyo.

Sasa nije kwa yule nyoka wa Nunguni, maana ndiye mnayetaka.

Aliletwa na mwalimu mmoja wa sekondari ya huku mlimani wakati mimi nimebakiza kama mwaka mmoja kustaafu. Alikuwa ndani ya chupa ya jemu, ameloweshwa kwenye spiriti ya maabara ya shule. Kichwa cheusi, mwili wa rangi ya kahawa, na chini ya koo mstari wa njano kama kola ya shati. Urefu hauzidi rula ya shule. Nilimweka kwenye sinia nikijua nitamaliza naye kabla ya chai, kwa sababu nyoka wa ardhini wenye vichwa vyeusi nawafahamu. Ndugu zake wa Kitui tunao chupa na chupa. Wale wana safu kumi na tano za magamba katikati ya mwili.

Huyu alikuwa na kumi na saba.

Nikanywa chai. Nikahesabu tena. Kumi na saba. Nikaangalia uso: kati ya pua na jicho palikuwa na gamba ambalo ndugu zake hawana. Nikamwuliza lile swali langu, akawa jike, kwa hiyo sikuwa nimegundua mwanamume mara ya pili. Nikaketi nikamtazama muda mrefu, na sitawadanganya, macho yalinilenga machozi. Miaka yote nilikuwa nikiwapanga nyoka waliopewa majina na watu wengine. Sasa huyu hapa, hana jina, na yuko mikononi mwangu.

Nikaandika maelezo, tukayapeleka kwenye jarida. Wataalamu waliopewa kuyasoma wakajibu kwa adabu kwamba nyoka mmoja hatoshi. Anaweza kuwa kilema, wakasema. Anaweza kuwa yule yule wa Kitui aliyezaliwa na kasoro. Leteni angalau mwingine, mzima, mwenye kichwa, kutoka mlima ule ule. Nilikasirika siku mbili, kisha nikakubali kwamba walisema kweli. Mimi mwenyewe ningejibu hivyo.

Lakini mwaka nilikuwa nao mmoja. Na katika chumba chetu kulikuwa na rafu ya chini kabisa, karibu na dirisha, yenye chupa ambazo lebo zake zinasema tu "haijatambuliwa". Tatu kati ya hizo zilikuwa za Mzee Kilonzo. Alistaafu akisema atarudi kuzimalizia, na alifariki bila kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipangusa vumbi. Sikutaka nyoka wangu akae pale na mtu mwingine aje ampanguse vumbi.

Kwa hiyo nikaja Nunguni, ambako sikuwa namjua mtu zaidi ya yule mwalimu, nikaomba nafasi ya matangazo kanisani baada ya ibada. Nikaeleza kwamba natafuta nyoka mdogo, kichwa cheusi, kola ya njano, hana madhara kwa binadamu. Mkimpata mkilima, nikasema, mniwekee. Watu walinipigia makofi. Nje, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alinishika mkono akaniambia nisiwe na wasiwasi. Jina lake Ndunge, lakini pale wote humwita Mama Mwende. Mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea na jembe begani hata akienda dukani. Kikundi chake ni cha mwethya, yaani kazi ya pamoja: leo wanachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa yule, na udongo wanaubeba kwa karai kichwani. Hakuna watu wanaofungua ardhi ya mlima ule zaidi kuliko wao. Nikaona nimepata.

Baada ya wiki chache akanipigia simu. "Daktari, kuja. Tuko na wako watatu."

Nilifika nikiwa na chupa zangu na dawa zangu. Wakanikaribisha chai na viazi vikuu, kisha Ndunge akaleta kopo, akalifungua mbele ya kikundi kizima kama anayefungua zawadi ya harusi. Nyoka walikuwemo, watatu, wa rangi ile ile ya kahawa. Hakuna aliyekuwa na kichwa.

"Vichwa viko wapi?" nikauliza.

"Tulitoa," akasema kwa fahari. "Tukaponda, tukazika. Si wewe ni mgeni wetu? Hatuwezi kukupatia kitu iko na sumu."

Mnaelewa? Pale kwao nyoka akiuawa, jambo la kwanza ni kichwa kupondwa kwa jiwe na kufukiwa mbali, ili mtoto asikanyage meno. Kwa mtu wasiyempenda wangeweza kusahau. Lakini mimi walinipenda, kwa hiyo walifanya kazi safi sana. Kadiri walivyoniheshimu ndivyo nyoka wangu walivyokosa vichwa. Nikashukuru, nikala viazi vikuu, nikaeleza taratibu kwamba kwa kazi yangu kichwa ndicho chenye habari nyingi: magamba ya uso, macho, meno yako mbele au nyuma. "Ninachohitaji hasa ni kichwa," nikasema. Wakaitikia wote. Nikarudi Nairobi nikiwa na moyo mweupe.

Simu iliyofuata ilinileta kwenye kopo jingine. Ndani mlikuwa na vichwa viwili, vimeoshwa, vimekauka.

"Na mwili?"

"Mwili tulichoma na mafuta ya taa," Ndunge akasema, naye akaanza kunitazama kama mtu asiyejua anachotaka. "Aiii, daktari. Si ulisema ni kichwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao wakacheka kwa kuona ninacheka. Na hapo, vijana, ndipo nilipojifunza jambo ambalo Mzee Kilonzo hakunifundisha, pengine kwa sababu yeye nyoka wake waliletwa na wenzake wa kazi. Huwezi kumtangazia mtu kazi yako kama taarifa ya habari kisha urudi mjini. Kesho yake niliomba likizo yangu yote iliyobaki, nikaazima buti na jembe, nikajiunga na mwethya.

Walinicheka siku ya kwanza. Matuta ya fanya juu huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa mlimani, na mimi nilikuwa nautupa wote bondeni, kwa hiyo nyuma yangu alitembea mama mmoja akirekebisha. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Lakini wakati wa kupumzika waliniuliza maswali, nami nikawaonyesha yule wa chupa ya jemu, nikawapa pini wahesabu magamba. Ndunge ndiye pekee hakumgusa. Alikaa mbali na kusuka kiondo chake.

Ni mwenzake aliyeniambia kwa nini. Kaka yake Ndunge alikanyaga bafe wakiwa watoto wakichunga mbuzi upande wa chini, kwenye joto, na mguu ukakatwa. Ndunge ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Tangu siku hiyo kila nyoka aliyemwona alimwua. Nami nikaona haya kidogo, nikaacha kumsumbua na chupa yangu.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja tulikuwa shamba la mjane mmoja, mimi nikiwa mwisho wa tuta, Ndunge mwisho mwingine. Nikasikia wimbo umekatika. Mwethya huchimba kwa wimbo, na wimbo ukikatika ghafla ujue kuna jambo. Nikainua kichwa. Ndunge alikuwa ameinua jembe juu kabisa, na chini yake kitu chembamba cha rangi ya kahawa kinajikunja kwenye udongo mbichi. Kilikuwa na kola ya njano. Nilikuwa mbali.

Jembe likabaki juu. Halafu akalitupa pembeni, akamnyang'anya jirani yake karai, udongo wote ukamwagika, akaifunika juu ya nyoka. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa na mabonde na karai ilikuwa inacheza, akageuka akaikalia.

"Ngai wakwa!" akapaza sauti. "Kalondu! Kuja haraka, niko juu yake!"

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Nilikimbia na buti zile za kuazima, nikaanguka mara moja, nikafika. Alikuwa ametoa macho, amefunga miguu kwa sketi yote, jasho linamtiririka, na mikono miwili ameshika ukingo wa karai kama dereva. Alikuwa akiimba ule wimbo wa kuchimba, peke yake, polepole. Wenzake walikuwa wamesimama mbali. Nikamwambia anyanyuke taratibu. Akasema hawezi, miguu imekufa. Tukamnyanyua mimi na mjane, nikaingiza mkono, na nyoka akaja, mzima, mwenye afya, mwenye kichwa.

Walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka sokoni kuuliza kuna harusi ya nani.

Sitawaficha kilichofuata, kwa sababu kazi hii ina sehemu ambayo picha za mtandaoni hazionyeshi. Jina la nyoka hufungwa kwenye mwili wake. Mwili huo huwekwa kwenye chupa, ili mtu yeyote mwenye shaka, hata akija baada ya sisi sote kufa, aufungue na kuhesabu mwenyewe. Kwa hiyo nilitoa sindano yenye dawa ya usingizi. Ndunge akauliza ni ya nini. Nikamwambia.

"Unamuua?" akasema. "Mimi nimekalia yeye hapa, nimeogopa namna hii, halafu wewe unamuua?"

Huyo ni mwanamke aliyeua nyoka tangu utotoni. Nikamweleza kwamba huyu mmoja akishapata jina, wenzake wataweza kutajwa, na asiyetajwa hakuna anayemtetea, hata mlima huu ukichimbwa wote. Akavuta sketi yake, akafuta udongo.

"Basi asikufe bure," akasema, akaenda kuchukua jembe lake.

Yaliyobaki yalikuwa kazi. Mwenzangu kijana, Abdi, mwenyeji wa Garissa, baba yake anauza ng'ombe, ndiye aliyeshughulikia mambo ya vinasaba. Alinisubiri Malili kwenye barabara kuu na kisanduku cha barafu, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia kwa binamu yake mwenye duka, akachukua vipande vya ini vya nyoka yule. Mimi wa pini na nta sikuwa na imani na mashine zake. Nilimwambia nimeshahesabu safu, inatosha.

"Mama, na mimi acha nihesabu yangu," akasema. "Zikilingana tutafurahi wote."

Zikalingana. Na wale watatu wasio na vichwa? Miili yao ilikuwa na safu kumi na saba, wote. Vile vichwa viwili vikavu vilikuwa na lile gamba la uso. Hakuna zawadi hata moja ya Ndunge iliyotupwa. Zote zina chupa zao, zote zina lebo, kwa penseli. Nilipofungua tumbo la yule wa karai nikakuta tandu, amemezwa akitanguliza kichwa. Nikajua nyoka wetu ni wa ukoo wa wala tandu, na nikajua pia habari gani nitampelekea Ndunge, kwa sababu kila mchimbaji wa matuta ameshaumwa na tandu na hakuna anayemsahau.

Ikabaki jina. Mnaruhusiwa kumpa heshima mtu, na mimi sikuwa na mtu mwingine akilini. Nilikuja mpaka nyumbani kwake, nikamweleza kwamba nyoka ataitwa kwa jina lake, kwa Kilatini, dunia nzima, milele. Nilitegemea atalia.

Akaruka kwenye kiti. "Nyoka aitwe Ndunge? Wee! Mimi ni shemasi! Jumapili nitaingia kanisani aje, na hadithi ya Hawa inasomwa?"

Nikambembeleza. Nikamwambia habari ya tandu. Hiyo ilimgusa, akauliza mara mbili kama ni kweli anawameza wazima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini jina hapana. "Mpatie ya karai," akasema mwishowe. "Si ndiyo ilimshika? Mimi nilikuwa tu uzito."

Kwa hiyo anaitwa karai. Ndivyo lilivyochapishwa, baada ya jina la ukoo wake, kwa herufi za kulala. Sheria za majina zinataka ueleze jina limetoka wapi, nami nikaeleza: ni chombo cha chuma cha kubebea udongo, ambacho akina mama wa milima hii hutumia kujenga matuta, na ambacho mmoja wao alikifunika juu ya nyoka badala ya kumwua. Wale wataalamu wa jarida hawakubadilisha hata neno. Mwezi uliofuata nilikabidhi funguo za chumba, na rafu ile karibu na dirisha haikuongezewa chupa.

Nilinunua kipande cha shamba huku Nunguni, tunapakana na Ndunge kwa ua wa minyaa. Tunagombana juu ya kuku wake. Bado ninatupa udongo upande usiofaa na bado ananirekebisha.

Juzi, mvua zilipoanza, simu yangu ililia nikiwa jikoni. Alikuwa yeye, anahema kidogo.

"Kalondu, karai wako ako hapa kwa viazi."

"Ana ukubwa gani? Subiri, nakuja," nikasema, nikatafuta viatu. Mazoea hayastaafu. "Mfunike asipotee."

"Nimfunike ya nini? Si uko na yeye kwa chupa?"

Nikasimama pale na kiatu kimoja mguuni. Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye shambani arudi nyuma, aweke jembe chini, ampishe.

"Ameingia chini ya jiwe," akasema. "Na kichwa chake."